Strasbourg Bila Mama

Siméon alikuwa mtu wa makaratasi. Kambini Nyarugusu, Tanzania, kabla hawajaletwa Texas, watu walipanga foleni mlangoni kwake wakiwa na barua za shirika la wakimbizi ili awasomee na kuwajibia. Hata sasa, katika majengo ya apatimenti wanakoishi Irving, Mkongo akipokea bahasha ya serikali humpigia simu yeye kabla ya kuifungua. Alikuwa na mkoba mweusi ambamo pasipoti za nyumba nzima zililala, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mchana alikuwa msimamizi katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Akirudi nyumbani, alikuwa Siméon wa makaratasi.

Kwa hiyo mkewe, Cécile, alipotaka kumpeleka mama yake Strasbourg, Ufaransa, hakuwaza mara mbili nani ashughulikie viza.

Mama yake, Matumaini, alikuwa na miaka sabini na mmoja na aliishi nao; wajukuu walimwita koko, yaani bibi. Zamani kule Uvira, mtaa wa Kimanga, alikaa ua mmoja na rafiki yake Clothilde. Watoto wao walikula sinia moja. Matumaini alipougua sana baada ya kumzaa Cécile, Clothilde ndiye aliyemnyonyesha mtoto mwezi mzima. Kisha vita vya mwaka tisini na sita vikawatenganisha barabarani. Mmoja aliingia Tanzania. Mwingine alizungukia Zambia, na baada ya miaka mingi akafika Ufaransa kwa mwanawe. Kila mmoja aliamini mwenzake amekufa. Miaka miwili iliyopita namba ya simu ilipita kutoka kwaya moja hadi nyingine, na Jumapili moja baada ya ibada Matumaini akaiona sura ya Clothilde kwenye kioo cha simu. Aliketi sakafuni pale pale, katikati ya viti vya kanisa, akawa anaipapasa ile simu kwa kiganja.

Clothilde hakuweza kuja Texas. Figo zake zilikuwa hazifanyi kazi tena. Mara tatu kwa wiki alilala kwenye mashine ya kusafisha damu. Ndipo Cécile, ambaye ni mhudumu katika nyumba ya wazee, akaomba likizo na kusema: watoto wakifunga shule mwezi wa tatu, twende sote, siku nne. Zoé, wa miaka kumi na minne, alianza kutafuta picha za mji ule wa kale wenye mifereji na nyumba za mbao. Mdogo wake, Heritier, alitaka treni ya kasi tu. Wao wanne walikuwa na pasipoti za Marekani na hawakuhitaji viza. Matumaini, ambaye mtihani wa uraia ulimshinda mara mbili kwa sababu ya Kiingereza, alikuwa na kitabu cha kusafiria cha mkimbizi. Yeye alihitaji.

"Ya koko nimeishamaliza," Siméon alisema mwezi wa pili, aliporudi kutoka ofisi ya viza Houston, saa nne za gari kwenda na saa nne kurudi. "Iko kwa système. Siku hizi hawabandiki tena kwa kitabu."

Hakuna aliyeuliza swali. Nani angemuuliza Siméon habari za karatasi?

Siku ya safari Matumaini alivaa kitenge kipya cha manjano na kilemba chake. Mkononi alishika mfuko wa ndagala, dagaa wakavu, aliowafunga kwa plastiki mara tatu wasije wakanuka ndani ya ndege ya watu. Prudensia, Mtanzania wa kanisani kwao, aliwashusha mlangoni pa uwanja wa ndege wa DFW, akawaombea, akaondoka.

Kaunta ilihudumiwa na mama mmoja mwenye miwani. Pasipoti nne alizimaliza haraka. Kitabu cha Matumaini alikipekua ukurasa kwa ukurasa, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Akauliza viza iko wapi. Siméon akamjibu kwa Kiingereza kwamba iko kwenye mfumo. Yule mama akaandika kitu, akangoja, akatikisa kichwa. Akamwita mkubwa wake, naye akatazama na kutikisa kichwa vilevile.

Hapo Cécile akaona jambo. Mumewe hakuwa ameshangaa. Siméon akishangaa hupandisha sauti hadi mtaa ukasikia. Sasa alikuwa anaongea chini chini, akilamba midomo.

"Papa Zoé," Cécile alisema. "Karatasi za mama ulipeleka, ama hukupeleka?"

"Nilipeleka, lakini..."

"Walikupa viza, ama hawakukupa?"

Siméon alitazama masanduku. "Walisema kunakosekana karatasi moja. Na kwamba koko mwenyewe alipaswa kuwepo, wamupime vidole. Rendez-vous ingine, ile siku ya kurudi, ilikuwa ya mwezi wa tano. Nilifikiria hapa hawataangalia sana."

"Tangu mwezi wa pili unajua?"

Siméon alianza kuzirudisha pasipoti ndani ya mkoba.

"Mama ameshona nguo! Amenunua ndagala! Kila siku anaongea na Clothilde kwenye simu, wanahesabu siku, na wewe uko pale kwenye kiti unakula, unawasikiliza, unajua?"

Zoé alimvuta mkono. "Mom, people are looking."

"Waangalie!" Cécile hakujua kwamba anapiga kelele mpaka aliposikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye dari. Alitamani kuuchukua ule mkoba mweusi na kuumwaga wote juu ya sakafu ya uwanja. "Wewe ndiye utabaki. Rudi nyumbani na mama. Mimi naenda na watoto."

"Hapana," Matumaini alisema.

Muda wote ule alikuwa amesimama akiliweka sawa fundo la mfuko wake. Sasa alimwangalia binti yake.

"Clothilde ameishapika. Mtu akishapika, wageni wanaenda. Na huyu," akamwonyesha Siméon kwa kidevu bila kumtazama, "ataenda naye. Amwambie Clothilde kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini sikukuja. Usimsemee, Cécile. Umesikia? Usimsemee hata neno moja."

Prudensia alipigiwa simu akageuza gari. Matumaini alimkabidhi Cécile mfuko wa ndagala, akawabusu wajukuu, akatoka kwa ule mlango wa kioo unaojifungua wenyewe. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Hakugeuka nyuma.

Ndani ya ndege Siméon alijaribu mara mbili kusema kitu. Mara ya kwanza Cécile alivaa vile vitu vya masikioni. Mara ya pili alimwita mhudumu na kuomba Heritier abadilishane viti na baba yake.

Walishuka Paris, wakapanda treni, na asubuhi ile ya Alhamisi wakafika Strasbourg. Clothilde alikuwa akingoja ndani ya stesheni, amejitanda koti zito, na fimbo mkononi. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwenye simu. Alimkumbatia Cécile kwa nguvu ambayo usingeitegemea kwa mtu wa mwili ule, akamwita "mtoto wangu wa maziwa," kisha macho yake yakapita juu ya bega la Cécile, yakatafuta.

"Yuko wapi? Ameenda choo?"

Cécile alimgeukia mumewe. Zoé naye alimgeukia.

Siméon alikohoa. "Maman Clothilde, ni matatizo ya uwanja wa ndege. Watu wa ile kampuni walimkatalia. Mambo ya système. Tulihangaika sana, lakini walikataa."

Cécile alihisi maneno yakimpanda kooni kama matapishi. Usimsemee. Akayameza.

"Wamemrudisha?" Clothilde alisema. "Mzee kama yule wamemrudisha kama mzigo?" Aliketi juu ya sanduku la Heritier, pale pale watu wanapopita, akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. Baada ya muda akanyoosha mkono ili ainuliwe. "Twende. Chakula kitapoa."

Alikuwa amepika kwa watu kumi: sombe ya majani ya muhogo, bugali, kuku, maharage. Kitanda chake mwenyewe alikuwa amekitandika mashuka mapya, kwa ajili yake na Matumaini. Usiku ule alilala upande mmoja tu, kama vile mwenzake anakuja.

Ijumaa ilikuwa siku ya mashine. Clothilde aliwaambia watembee mji, wasikae ndani kumngoja. Walipanda tramu kutoka mtaa wake wa Hautepierre hadi katikati, na huko ndiko familia ilikotalii, ikiwa neno lenyewe ni hilo. Waliliona kanisa kuu la mawe mekundu, lenye mnara mmoja kwa sababu wa pili haukujengwa kamwe. Waliingia ndani kuiona ile saa kubwa ambayo adhuhuri ikishapita kidogo sanamu za mitume hupita mbele ya Yesu mmoja mmoja, na jogoo wa juu anapiga mbawa na kuwika.

"Koko angeipenda hii," Heritier alisema.

Baba yake alikuwa ameinua simu, anarekodi.

Walipokuwa wamekaa kwenye benchi kando ya mfereji, mahali nyumba za kale zimeegemeana juu ya maji, simu ya Cécile ilitetemeka. Lilikuwa kundi la kanisa la WhatsApp. Siméon alikuwa ameweka picha: yeye na watoto mbele ya kanisa kuu, ametabasamu, na chini yake ameandika, "Mungu ni mwema. Famille nzima Strasbourg, mji wa historia." Amina zilikuwa zinamiminika. Mtu mmoja alikuwa ameuliza, "Na koko yuko wapi? Hatumwoni." Siméon alikuwa amemjibu kwa kidole gumba.

Cécile alisimama. Alimvuta mumewe kwa mkono wa koti hadi katikati ya daraja, mbali kidogo na watoto.

"Famille nzima?"

"Mama Zoé, tusiharibie watoto voyage."

"Famille nzima, Siméon? Ulimtoa lini mama katika famille?"

"Nitamwambia Clothilde. Naapa nitamwambia. Nangoja wakati mzuri. Yule ni mgonjwa, habari kama hii inaweza kumwumiza."

"Usiufanye ugonjwa wake mfuko wa kufichia uongo wako." Watalii wawili walipunguza mwendo, wakawaangalia, wakapita. "Uwanja wa ndege, ukadanganya. Stesheni, ukadanganya. Sasa unadanganya kanisa zima kwa picha. Unajua nilichokuwa naogopa miaka yote hii? Niliogopa unywe pombe. Niliogopa wanawake. Sikuwaza hata siku moja kwamba nitakuja kuogopa kalamu yako."

Siméon alishika ukingo wa daraja akatazama maji. Zoé alikuja akasimama kati yao, akamuuliza baba yake kwa Kiingereza ni lini atamwambia yule bibi. Alimjibu kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Msichana alimshika mdogo wake mkono, wakaenda kusimama upande wa pili wa barabara. Mji ulikuwa mzuri kwa kweli. Kila aliyekwenda huko husema hivyo. Cécile aliyaona maua madirishani na mabata majini, na kila kitu alichokiona kilimwongezea hasira kwa vile hakikuwa chake kukiona wa kwanza.

Jumamosi mchana walikuwa mezani kwa Clothilde. Alikuwa amechoka, lakini tangu asubuhi alikuwa na jambo moja kichwani, na baada ya kula akalitoa. Alileta karatasi nyeupe na kalamu, akaviweka mbele ya Siméon.

"Matumaini aliniambia wewe ndiye muandikaji. Andika barua kwa ile kampuni ya ndege. Andika Kifaransa kizuri. Waambie walichomfanyia mzee ni dhambi. Nitatia sahihi na mimi, na pasta wangu atatia. Hawawezi kufanyia watu hivi na tukanyamaza."

Cécile aliweka kijiko chini. Sasa, alijisemea. Sasa hana pa kukimbilia.

Siméon aliitazama karatasi. Aliitazama kalamu. Kisha akaichukua, akakunja mkono wa shati, akaanza kuandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote. *Monsieur le Directeur, c'est avec indignation...* Yaani, Bwana Mkurugenzi, ni kwa ghadhabu...

Cécile hakujua aliinuka saa ngapi. Alijikuta ameinyakua ile karatasi na kuirarua, na kiti chake kimeanguka nyuma yake, na Heritier amejibana ukutani.

"Mama alinikataza nisikusemee!" alipiga kelele. "Nimenyamaza siku tatu! Nimenyamaza mpaka meno yananiuma! Wewe unaandika barua? Unawashitaki watu waliofanya kazi yao? Andika jina la mwenye kosa! Chukua karatasi ingine, andika: Siméon. Andika!"

Clothilde alikuwa anawatazama kwa zamu.

"Siméon," alisema polepole. "Anasema nini, huyu?"

Ndipo akasema. Aliyasema yote huku ameinama, kama mtoto anayekariri: Houston, dirisha la ofisi, binti aliyemwambia kwa sauti mbele ya foleni kwamba karatasi hazijatimia na kwamba mwenye viza hayupo, kurudi kwake kwa gari saa nne bila kufungua redio, na jinsi alivyofungua mlango wa nyumbani, akamkuta Matumaini anamngoja kwa sura ya furaha, na mdomo wake ukasema nimeishamaliza.

"Karatasi gani ilikosekana?" Clothilde aliuliza.

"Attestation d'accueil. Ile karatasi ya mairie, ofisi ya meya, ya mwenyeji."

"Mwenyeji ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi." Clothilde aliegemea nyuma. "Hiyo karatasi naijua. Nimewachukulia watu wa kanisa langu, mara mbili. Ni tramu na kukaa kwenye benchi kidogo. Kwa nini hukunipigia simu?"

"Nilikuwa nimeishakuambia kila kitu kiko tayari. Niliona haya."

"Haya."

Alilirudia lile neno kana kwamba anapima uzito wake. Kisha akaupandisha mkono wa sweta yake, akaunyoosha mkono juu ya meza, mahali mshipa ulipovimba na kujaa makovu ya sindano.

"Angalia hapa. Kila nikishuka kwa ile mashine, najiuliza zimebaki siku ngapi. Sikulilii, najiuliza tu. Katika hizo nilitenga nne za kukaa na Matumaini. Nne tu. Na wewe umezichukua, ukalipia nazo haya yako." Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Toka mezani kwangu. Usiende mbali, mji huu huujui. Kaa kwenye ngazi."

Siméon alitoka akakaa kwenye ngazi za jengo. Alikaa huko mpaka jua likashuka, na majirani waliopita na mifuko yao ya soko walimsalimu bonjour akawaitikia. Zoé ndiye aliyempelekea koti lake, akaliweka pembeni yake, akarudi ndani.

"Jumatatu nitakuwa mairie kabla hawajafungua," Clothilde alimwambia Cécile wakati wanaosha vyombo. "Lakini karatasi simtumii yule."

"Nitumie mimi."

"Wewe."

Jumapili waliondoka.

Mtu angedhani Matumaini angemfungia mkwewe mlango. Haikuwa hivyo. Katika wiki ya kwanza baada ya kurejea Irving, Cécile alirudi kutoka kazini akawakuta mezani, mama yake anamwongezea Siméon mchuzi. Ilimkera kuliko yote yaliyotangulia.

"Mama, huna hasira?"

"Ninayo. Lakini alikuja Jumatatu, ukiwa kazini. Alipiga magoti pale kwa carpet, akasema kila kitu. Nimemwambia ya kwangu. Hutaki kujua nilimwambia nini."

"Kwako alikuja kupiga magoti. Na mimi?"

Matumaini alifunika sufuria. "Hiyo muulize yeye."

Hakumuuliza. Aliuchukua ule mkoba mweusi kutoka juu ya kabati, mbele ya macho ya Siméon, akazitoa pasipoti zote na kitabu cha mama, akaviweka kwenye droo yake yeye, chini ya nguo zake za kazi.

Kuanzia hapo Cécile alijifunza kazi ambayo hakuwahi kuitaka. Alijaza fomu wakati wa mapumziko, akikosea na kuanza upya, huku wazee anaowahudumia wakimuuliza anaandika nini. Karatasi ya Clothilde ilifika na mihuri yake. Mwezi wa tano alimwendesha mama yake hadi Houston. Huko mashine ilikataa kusoma vidole vya Matumaini. Miaka ya kulima muhogo ilikuwa imezisugua alama zote. Binti wa dirishani alijaribu mara sita, akapaka mafuta, akasema labda warudi siku nyingine.

"Hatutarudi siku nyingine," Cécile alisema. Hakupandisha sauti. "Jaribu tena. Tuna siku nzima."

Mara ya tisa ikasoma. Walilala Alief, huko huko Houston, kwa kaka yake Cécile, Ushindi, ambaye alitaka kusikia kisa chote na kukasirika upya. Cécile akamwambia achukue namba, kuna foleni.

Viza ilibandikwa. Ilikuwa kwenye kitabu, ukurasa wa saba, na Matumaini aliigusa kila mara kama mtu anayegusa jino jipya. Mwezi wa sita walisafiri wawili tu, mama na binti. Pale stesheni ya Strasbourg, wale wazee hawakulia kama Cécile alivyotarajia. Walisimama wakitazamana, Clothilde akasema, "Umezeeka," na Matumaini akasema, "Na wewe je?" na wakaanza papo hapo kubishana kuhusu nani alibeba mtoto gani siku ile ya kukimbia Uvira. Walibishana kwenye tramu, wakabishana jikoni. Kwenye siku za mashine Matumaini alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, wakaendelea pale walipoachia.

Siku ya pili Cécile aliwaacha akaenda mjini peke yake. Alikaa ndani ya kanisa kuu bila haraka. Alipotoka nje, kwenye uwanja wa mbele ya kanisa, simu ililia. Alikuwa Siméon.

"Mmefika vizuri?"

"Tumefika."

"Koko yuko na rafiki yake?"

"Wako pamoja."

"Cécile," Siméon alisema. Siku zote alimwita Mama Zoé. "Nilikudanganya. Wewe, si mama tu. Nilikuangalia usoni nikakudanganya. Unisamehe."

Cécile alisubiri ile sehemu ya pili, maelezo, binti wa dirishani, foleni, haya. Haikuja. Mbele yake kundi la watalii lilikuwa linapiga picha mnara ule mmoja. Hasira bado ilikuwepo. Aliitafuta, akaikuta mahali pake. Ilikuwa imepungua kidogo tu, na hakuwa tayari kumpa zawadi hiyo siku ile.

"Nimekusikia," alisema. "Waambie watoto nitawapigia kesho."

Akaiweka simu mfukoni, akashika njia ya tramu, maana Clothilde alikuwa amemtuma vitunguu.